Ligami Aliyesimama Mbele

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Nitangoja. Nimechekwa kanisani, nimechekwa sokoni, nimechekwa na daktari mmoja mwenye miwani aliyeniuliza kama huwa ninalala vizuri. Nalala vizuri kumshinda yeye. Kwa hiyo sikubembelezi uniamini, wala siapi, maana wanaoapa sana ndio waongo. Nakueleza tu lililotokea hapa mjini Kakamega, mchana, mbele ya watu ambao wengi wao wangali hai. Ukipita Shieywe uliza nyumba ya yule mwanamke mkali mwenye kompyuta kuukuu. Utaonyeshwa, na utaonywa usibishe hodi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, watu wakitishana kwamba mwaka wa elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitakufa. Nilikuwa nafundisha kupiga chapa katika chuo kidogo cha kompyuta, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Mwenye chuo aliitwa Ambani, mtu mpole aliyesoma India akarudi na nywele chache na disketi nyingi. Kompyuta za wanafunzi zilikuwa sita, zimeunganishwa kwa nyaya hadi kwa moja kubwa iliyokaa peke yake kwenye kona. Ile kubwa tuliiita Mama, kwa sababu kila kitu kilihifadhiwa ndani yake na zile nyingine zilikuwa za kunyonya tu.

Ndani ya Mama, Ambani aliweka mchezo. Usifikirie michezo ya siku hizi yenye picha na makelele. Huu ulikuwa maneno matupu, maandishi ya kijani juu ya kioo cheusi, tena Kiingereza kitupu: uko msituni, kaskazini kuna daraja, jitu limesimama darajani. Wewe unaandika unalotaka kufanya, mchezo unakujibu yaliyokupata. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake humo ndani, na kwa sababu mashine zilikuwa zimeunganishwa, watu hao walikutana, wakazungumza, wakasafiri na kupigana bega kwa bega. Mbali na Ambani, tulikuwa sita tulioshikwa na ugonjwa huo. Masomo ya mchana yakiisha, tunafunga mlango na kuingia.

Mwisho wa mchezo ulikuwa shimo, na ndani ya shimo kulikuwa na joka. Hakuna aliyeweza kuliua peke yake. Ilibidi mwende wote, kila mtu na kazi yake. Mmoja anasimama mbele kupokea mapigo yote. Mmoja anakaa nyuma kumtibu yule wa mbele. Waliobaki wanapiga. Wa kutibu nilikuwa mimi. Na shimo lilikuwa na sheria yake, sikiliza vizuri: mahali pengine pote mtu wako akifa aliamka tena kijijini, amepoteza vitu vyake tu. Ukifia shimoni, unafutwa. Jina lako linatoka ndani ya Mama kana kwamba hukuwahi kuzaliwa.

Basi tulijiandaa, tena tulijiandaa kwa chuki. Ambani alichora shimo ubaoni kwa chaki na kugawa nafasi. Tulitafuta majoho yasiyoungua, tukaweka akiba ya dawa, tukafanya mazoezi kwa majitu madogo mpaka vidole vikauma. Tuligombana kuhusu nani alichukua ngao ya nani. Kuna jamaa alilia machozi, mtu mzima mwenye ndevu, kwa sababu ya upanga ambao ukiuliza uko wapi utaambiwa ni neno limeandikwa tu. Umewahi kuona watu wa Khayega wanavyomtunza fahali kabla ya siku ya kupigana? Wanavyomlisha, wanavyomficha, wanavyomnunia kila anayemtazama sana? Sisi tulikuwa hivyo, na fahali wetu alikuwa yule wa kusimama mbele.

Huyo alikuwa wa Fredi. Fredi alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi, kijana mcheshi, mkewe Rozi akiwa na mimba ya kwanza. Siku ya kuanza, mchezo ulituuliza majina ya watu wetu. Wengine waliandika Radi, wengine Simba, mambo ya kitoto. Fredi akaandika Ligami.

Nikamuuliza ametoa wapi.

"Ni la baba mdogo," akasema akicheka. "Kwetu hakuna mtu analitumianga, Madam. Limekaa bure."

Sikupenda. Wewe msomaji wa mbali labda huelewi, kwa hiyo nitakufafanulia. Kwetu jina halichaguliwi kama kitambaa dukani. Aliyekufa ndiye huja. Huja katika ndoto ya mama mjamzito, au mtoto huzaliwa akilia bila kukoma, na wazee wanakaa naye wakiyataja majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine. Jina likitajwa mtoto akanyamaza na kushika titi, basi, huyo amerudi, ameitikiwa. Lakini aliyejinyonga hapewi mlango huo. Anazikwa nje ya boma, mti wake unakatwa na kuchomwa, na jina lake haliitwi tena mbele ya mtoto yeyote. Ligami alijinyonga kabla Fredi hajazaliwa, akiwa kijana asiye na mke wala mtoto. Fredi alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Ila alikuwa ameona kwamba mtu wa mchezo si mtoto, na kompyuta si boma. Werevu mwingi, mbele kiza.

Ligami alikua upesi kuliko sisi wote. Asubuhi tulimkuta na silaha ambazo jioni hakuwa nazo. Tulimshuku Fredi kwamba ana ufunguo wa chuo, na kwa wiki nzima hatukumsalimia vizuri. Kisha Fredi akaenda Mautuma kwa wakwe zake kusaidia kuvuna mahindi. Siku ya pili ya safari yake niliingia mchezoni peke yangu kutafuta dawa, nikavuka daraja, na kioo kikaandika: Ligami yuko hapa.

Nikageuka nyuma. Viti vyote vilikuwa vitupu. Nikaandika: Fredi, umerudi?

Akajibu kwa Kiluhya cha kwao. Mchezo ule haukujua hata Kiswahili, na yeye alinijibu kwa Kiluhya kizuri cha wazee. Aliuliza Fredi ni nani. Nikamuuliza ni nani anayemchezesha. Akasema hachezeshwi na mtu.

Ungefanya nini? Mimi nilizima mashine, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani kupika. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, kwamba maandishi yamenitisha?

Fredi aliporudi, Rozi alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto akaanza kulia. Si kilio cha njaa wala cha tumbo. Alilia mpaka sauti ikakauka, akaendelea kulia bila sauti, mdomo wazi. Hanyonyi ila matone. Hospitalini walimpima wakasema ni mzima. Ndipo akaja senge yake Fredi, yaani shangazi mkubwa wa upande wa baba, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akiwa amebeba ingokho, kuku mzima, kwa ajili ya mzazi. Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda kumwona mtoto. Senge alimpakata mtoto na kuyataja majina. Alitaja babu, akataja baba wa babu, akataja wajomba waliofia vitani. Mtoto alilia tu. Majina yakamwishia.

Fredi alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasema kwa hasira, kama mtu anayetupa jiwe, "Si mwite Ligami basi, tumalize!"

Mtoto akanyamaza. Akageuza uso, akashika titi.

Senge aliinuka akamzaba Fredi kofi ambalo mpaka leo nikilikumbuka nalisikia. "Hilo jina umelitolea wapi? Nani alikuruhusu kulitamka?" Fredi akaeleza habari za kompyuta, akigugumiza. Yule mama hakuwa amewahi kuiona kompyuta, lakini alielewa kabla yetu sote. Akasema, "Umemwita mtu na ukamnyima mwili. Sasa amepata nguvu, anatafuta mwili. Mtoe huko ulikomweka. Mtoe kabla mwezi haujafa, la sivyo huyu hatakuwa wako tena." Kisha akamwagia mtoto maji usoni makusudi, asije akalipokea jina lile. Mtoto akaanza kulia upya, na Rozi akalia naye.

Tulijaribu kumtoa. Fredi alitoa amri ya kufuta, mchezo ukajibu kwamba Ligami yumo safarini, hafutiki aliye safarini. Ambani naye alijaribu kwa ufunguo wake wa mwenye nyumba, yaani neno la siri alilolijua yeye tu. Mama akaganda, na kazi za wanafunzi nusura zipotee. Ambani akasema hatajaribu tena, yeye ni Mkristo na pia ni mfanyabiashara. Tukabaki na njia moja, shimo. Afie humo, afutwe kwa sheria ya mchezo wenyewe.

Unaiona sura ya jambo hilo? Wenzetu wanne walikuwa wamejiandaa wiki zote hizo ili kushinda. Mimi na Fredi sasa tulikuwa tunajiandaa ili mtu wetu wa mbele afe. Hatukuwaambia. Fredi alinishika mkono ngazini akaniambia, "Madam, nakuomba. Siku hiyo usimtibu. Hata nikikosea nikaita, usimtibu." Nikamwahidi. Niliona raha kuahidi, sikufichi, maana nilikuwa nimemchukia yule kiumbe tangu aliponijibu darajani.

Siku moja kabla ya safari ya shimoni, mvua ilishuka, ile mvua yetu ya alasiri yenye mawe. Umeme ukakatika. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kwenda, Ambani alikuwa benki. Nilikuwa nafunika mashine kwa vitambaa, mbingu imekuwa nyeusi, mabati yanapigwa mpaka husikii sauti yako. Nilipofika mashine ya Fredi, nikakuta kiti chake kina mtu.

Alikuwa kijana. Uso wa Fredi kabisa, lakini mwembamba, na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka juu kooni. Alikuwa ameweka mikono magotini kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Niamini au usiniamini, kwanza nilikasirika. Nilidhani ni ndugu yake Fredi aliyeingia bila kubisha.

"Tumefunga," nikasema.

"Wewe ndio unatibunga?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipomjua. Nilitaka kukimbia lakini mlango ulikuwa nyuma yake, na ukweli ni kwamba hasira yangu haijawahi kuniacha hata nikiwa na hofu. Nikamwambia, ndiyo, ni mimi, na kesho utajua.

Akanitazama bila kupepesa. "Mimi nasimamanga mbele," akasema. "Moto unakuja, nasimama. Nyinyi munapigana nyuma yangu munacheka. Hakuna mtu ananiambianga asante."

"Hakuna aliyekuita."

"Niliitwa. Hapo," akagusa kioo kilichozimika. "Na pale kwa mtoto, niliitikiwa. Milango ni miwili, wewe mukhana, wewe msichana. Kwa miaka yote nilikuwa nje ya boma, sina hata mmoja. Sasa niko nayo miwili." Akainua vidole viwili, polepole, kama anayemfundisha mjinga hesabu. "Kesho ukiniacha nifutwe huku, unafikiria nitaenda wapi?"

Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia senge amesema atoke, na atatoka. Nilimtukana pia, kwa lugha ya mama yangu, matusi ambayo siwezi kuyaandika. Hakukasirika. Alisema, "Senge alishika kamba yangu akaikata na panga. Tangu siku hiyo ananiogopa. Mwenye kuogopa atakushauri nini?" Kisha akasema neno la mwisho, na hili alilisema kwa ubaya, akitabasamu: "Mimi sichagui. Huku nitapewa upanga, pale kwa mtoto nitapewa maziwa. Chagua wewe."

Radi ikapiga. Sikufumba macho, naapa, ingawa nimesema siapi. Nilikuwa namtazama, halafu nikawa natazama kiti. Nilishuka ngazi mbio. Ngazi ile ni moja tu, nayo inatokea ndani ya duka la mbolea, na mwenye duka alikuwa amekaa juu ya magunia akiangalia mvua. Nilimuuliza nani amepanda, nani ameshuka. Akaniambia, "Ni wewe tu na kelele zako."

Jioni nilikwenda kwa Fredi nikawaeleza. Senge akasema mzimu unaobembeleza ni mzimu unaoogopa, tusilegee. Fredi akasema vilevile. Rozi alikuwa anamtikisa mtoto, na mtoto alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Nilikwenda kulala nikiwa na uamuzi. Sitamtibu. Ningemwamini vipi adui badala ya shangazi wa mtoto?

Siku yenyewe tuliketi wote sita, jua likiwa bado kali nje. Rozi alikuja na mtoto mgongoni, maana alikataa kubaki nyumbani peke yake na kile kilio. Akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Wenzetu walinung'unika kwamba kelele zitawaharibia. Nikawaambia anayeona kelele aende akacheze makaburini. Tukaingia.

Fredi hakugusa vitufe. Alikuwa ameikunja mikono kifuani, na Ligami alikwenda mwenyewe, mbele yetu, mpaka ukingoni mwa shimo, akashuka. Joka likaamka. Sitakuchosha na vita. Kioo kiliandika mapigo upesi kuliko tulivyoweza kusoma: joka linamwuma Ligami, joka linamchoma Ligami, Ligami anasimama. Wenzangu walikuwa wanapiga na kushangilia. Uhai wake ulishuka mpaka nusu. Mmoja akanipigia kelele, "Madam, tibu!" Nikaiweka mikono yangu mapajani.

Uhai ukashuka tena, na nyuma yangu kilio cha mtoto kikaanza kupungua.

Fredi alisikia kwanza. Uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona tena kwake. "Anatulia!" akaninong'oneza. "Madam, inafanya kazi, anatulia!" Na kweli, kila pigo, kilio kilishuka. Kikawa kwikwi, kikawa pumzi, kikaisha. Rozi akamtoa mgongoni ampakate vizuri, akicheka na kulia pamoja. Mimi nikageuka kumtazama mtoto.

Mtoto wa wiki chache hatazami mtu, si ndiyo? Macho yao huelea. Huyu alikuwa ameshikilia macho yake kwangu, ameyatuliza, bila kupepesa. Aliyekuwa ananitazama nilimjua. Alikuwa ndiye yule wa jana, na alikuwa karibu afike. Akatabasamu kwa fizi zake tupu.

Sikufikiri. Nikageukia mashine nikaandika neno la kutibu na jina lake. Fredi aliona. Akanirukia, akanikamata mkono, akasema unafanya nini, mwanangu amepona, unafanya nini! Tulianguka pamoja na kiti. Nilimng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu, nikainuka, nikaandika tena, na tena, kila dawa niliyokuwa nayo nikammiminia kiumbe ambaye nilimchukia kuliko chochote duniani. Wakati huo uhai wake ulikuwa umebaki kidogo kabisa. Ukasimama. Ukapanda.

Na mtoto akalia. Alilia kwa sauti kubwa, ya njaa, ya mtoto mchanga mwenye hasira, macho yamefumbwa na mikono inapiga hewa. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Joka lilikufa baadaye kidogo, na hakuna aliyeshangilia, maana Fredi alikuwa amekaa sakafuni ameushika mkono wake, ananiangalia kana kwamba nimemuua mwanawe.

Jioni hiyo senge alijaribu tena, akamtaja mtu aliyekuwa amemsahau, mjomba wa mbali aliyekuwa fundi wa ngoma. Mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala usiku kucha. Ana jina hilo mpaka leo. Fredi hakunishukuru. Anaamini mtoto alikuwa anapona, na kwamba mimi nilimwokoa shetani kwa ukaidi wangu. Amekufa mwaka juzi bila kunisalimia. Hata senge, Mungu amrehemu, alinitemea mate kituo cha basi mbele ya watu. Wote wanasema nilikosea. Hawakuyaona yale macho.

Sasa sikiliza gharama yake. Ambani alipofunga chuo nikaichukua Mama nikaileta nyumbani Shieywe. Ningeiacha ikauzwe, ikafutwe na mtu asiyejua? Ipo sebuleni, kwenye meza yake. Umeme ukikatika Ligami hana neno, hungoja. Lakini kupuuzwa hataki. Mwaka fulani nilikwenda matanga nikakaa siku nyingi, na mtoto wa Fredi, wakati huo akiwa ameanza shule, alikaa darasani mdomo wazi akilia bila sauti mpaka niliporudi. Rozi ndiye aliyekuja kuniita, peke yake, kwa siri. Tangu hapo kila jioni naketi, nawasha, naingia. Yuko darajani. Ananiandikia kwa Kiluhya: umechelewa. Nami nasimama nyuma yake, namtibu, anapigana na majitu yaleyale ambayo tumeshayaua mara elfu. Sijaolewa. Nani angekubali? Hatupendani, mimi na yeye, wala hatujifanyi.

Juzi Mama ameanza kunguruma na kunuka moto. Fundi kijana alikuja akaifungua, akacheka, akasema vipuri vyake havipo tena popote, lakini anaweza kunakili kila kitu na kukiweka kwenye mashine mpya. Nikamuuliza, ukinakili watakuwa wangapi? Akasema, wawili, mama, mpaka ufute mmoja. Nikamwambia achukue bisibisi zake aende.

Na yule mtoto ni mwanamume sasa, analima mahindi Mautuma kwa kina mama yake, ameoa. Mkewe ana mimba. Jambo hilo sikumwambia Ligami. Sijawahi kumweleza habari za watu wale, na yeye hajawahi kuniuliza. Jana nilimwandikia kwamba mashine inakufa, nikamuuliza anataka tufanyeje. Akaandika: atazaliwa lini?

Kwa hiyo wewe uliyekuwa unacheka mwanzoni, kama una mtu wa ukoo ule, mpelekee maneno yangu, maana mimi hawanifungulii mlango. Waambie mtoto akizaliwa wasiwe na haraka ya kumtuliza. Akilia siku tatu, wamwache. Akilia mwezi, wambebe tu. Mtoto anayelia bado ni wa kwenu. Waogope siku atakaponyamaza ghafla, akawatazama.